Jiko Langu Lilikuwa Safi kwa Mbele tu

Julai 2022 mama alinitumia gunia la mahindi kutoka Vwawa. Alinipigia simu mara tatu siku ile. Ya kwanza kuniambia limepanda gari, ya pili kunihimiza nisichelewe stendi, ya tatu kuniagiza: "Ukifika nalo nyumbani usiliweke chini, mwanangu, na usiliegemeze ukutani." Nikaitikia yote. Nilipofika Uyole, Mbeya, jioni, nimechoka na baridi inauma, nikalisukuma nyuma ya mlango wa jiko, juu ya sakafu ya saruji, limegusa ukuta. Mbele yake nikapanga ndoo ya unga, dumu la mafuta ya alizeti na beseni la kuoshea vyombo. Likapotea machoni.

Novemba, mvua zimeshaanza, nikalivuta nitoe mahindi ya kande. Upande uliogusa ukuta ulikuwa na unyevu, na ndani punje zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani. Upande wa juu punje zilikuwa zimetobolewa zikabaki maganda. Ukiishika moja inavunjika vidoleni kama chaki, na kiganjani unabaki unga mweupe. Hiyo ni kazi ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, kwa sababu lile shamba nalijua, na mgongo uliolilima naujua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jiko lile nilikuwa nalisafisha kila siku. Deki asubuhi, deki jioni, vyombo vimeanikwa kichanjani vinawaka jua. Wageni walikuwa wananisifu. Lakini nilikuwa nasafisha panapoonekana, na nyuma ya vitu sikuwa nimefika kwa muda ambao hata sikuweza kuuhesabu. Ndiyo maana leo nataka kuandika juu ya usafi wa nyuma. Ule wa kila siku kila mama anaujua, na sina la kumfundisha mtu hapo.

Mimi nafanya mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni mwanzoni mwa Juni, mvua zimekwisha na mavuno mapya hayajaingia ndani. Mara ya pili ni Oktoba, kabla mvua hazijarudi na unyevu wake. Ukisubiri Desemba utasafisha vizuri lakini hutakuwa na jua la kukaushia, na kitu kilichorudishwa kabatini kibichi ni afadhali kingebaki kichafu.

Siku hiyo toa kila kitu nje. Usihamishe vitu kutoka kona hii kwenda ile. Tandaza turubai au mikeka uani, ubebe mpaka kabati lenyewe, mpaka jiko libaki kuta nne na mwangwi. Juni huku kwetu umande na ukungu vinachelewa kuondoka, kwa hiyo mimi huanza kutoa vitu saa tatu, jua linapopata nguvu. Ukishaviona vyote vimelala uani utashangaa. Kwangu vilitoka vifuniko visivyo na sufuria, makopo ya majarini yaliyopangana hadi kiunoni, na hotipoti za kichenpati ambazo hazijawahi kubeba wali. Nimegundua kwamba vyombo tunavyopikia kila siku havijazi jiko. Kinachojaza jiko ni vyombo vya wageni na vifungashio tulivyovihurumia. Vya wageni nimeviweka kwenye boksi chumbani, juu ya kabati la nguo, na siku ya shughuli navishusha. Makopo nimebakiza sita yenye vifuniko vinavyobana.

Sasa kuta. Huku nyanda za juu jiko linafanya kazi ngumu kuliko la Dar es Salaam, na kuna sababu yake. Mbeya mjini tuko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Maji hayo yanachukua muda mrefu kuivisha maharage. Sufuria inakaa motoni saa nyingi, mvuke unapanda, mafuta ya mboga yanaruka, moshi wa kuni unashika humo humo. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa juu ya jiko unakuta gundi nyeusi. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kupika, na ukuta nao unapona.

Anza juu, malizia chini. Funga kilemba, ziba pua kwa kitambaa, chukua ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye mti mrefu, fagia dari na kona zote pakavu. Nasisitiza pakavu. Masizi yakiguswa na tambara bichi yanageuka wino, na huo wino ukishaingia kwenye plasta utauona mpaka utakapopaka rangi upya. Masizi yakishaanguka ndipo uende na maji ya moto, sabuni ya unga na magadi kidogo. Paka kwenye sehemu zenye mafuta, acha kama dakika 15, kisha futa. Magadi yanaachanisha mafuta na ukuta, wewe huna haja ya kukwaruza. Majivu ya kuni yanafanya kazi hiyo hiyo, na bibi zetu walisugulia vyombo kwa majivu bila kumuuliza mtu.

Lakini magadi usiyapeleke kwenye sufuria za alumini. Nililoweka zangu nne usiku mzima nikidhani nazitendea mema, asubuhi nikazikuta nyeusi ndani. Alumini na magadi haviivani. Dawa ya weusi ule ni kitu kichachu: jaza maji, kamulia malimau mawili au tia fumbata la ukwaju, chemsha, na utaona weupe unarudi taratibu kuanzia kwenye kingo. Masizi ya nje ya sufuria ni habari nyingine, na hapo namshukuru mama mkwe wangu wa Tukuyu. Yeye kabla ya kuteleka sufuria kwenye kuni huchukua kipande cha sabuni kilicholowa, akapaka tako lote la sufuria utando mwembamba, nje tu. Moto ukiisha, masizi yameshika kwenye sabuni badala ya chuma. Ukimwagia maji yanateleza yenyewe, na stili waya inapumzika. Ndaga, mama, yaani asante kwa Kinyakyusa.

Jambo moja la hatari. Klorini ile ya kung'arishia nguo nyeupe ni nzuri kwa sinki na ubao wa kukatia nyama, ukiichanganya na maji mengi. Usiitie siki wala limau, wala usiichanganye na dawa ya chooni. Inatoa hewa inayochoma kifua. Nilifanya kosa hilo mara moja katika jiko lenye dirisha dogo, nikatoka nje nakohoa huku machozi yananitoka, na watoto walikuwa mlangoni. Na kwa kuwa Juni ni baridi, unaweza kushawishika kuwasha jiko la mkaa ndani na kufunga mlango ili upate joto wakati unafanya kazi. Tafadhali usifanye hivyo. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu wala rangi, na mikoa yetu hii ya baridi imezika watu waliolala na jiko la mkaa ndani.

Ukishahamisha mtungi wa gesi ili usafishe chini yake, usiurudishe hivi hivi. Funga mpira, fungua gesi bila kuwasha moto, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja: funga, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo mlango ndio unaoitoa vizuri zaidi.

Nyuma ya friji nenda na tochi. Pale kwenye mota pana joto, na katika mji wa baridi kama huu mende wanapapenda kuliko mahali pengine popote. Utaona vifuko vidogo vya kahawia, kama punje ya mchele. Kila kifuko cha mende wale wadogo kina mayai 30 hadi 40, na dawa unayopuliza haipenyi ndani yake. Ndiyo sababu watu wanapuliza, wanafurahi, na baada ya mwezi mende wanarudi. Fagia vifuko uvichome, halafu rudia dawa baada ya wiki nne.

Wakati wa kurudisha vitu, sipangi kwa uzuri. Kila kitu nakirudisha pale kinapoanzia kazi yake. Mwiko, upawa na chumvi vinakaa mkono unapofika nikiwa nimesimama motoni. Chekeche na ungo viko karibu na ndoo ya unga. Mafuta nimeyasogeza mbali na joto kwa sababu yanaharibika ladha. Visu viko juu, watoto wasipofikia. Viazi vinataka giza, kwa kuwa mwanga unavigeuza kijani na ukijani huo unakuja na sumu. Mimi vyangu, vya milima ya Uporoto, naviweka kwenye kapu lililofunikwa gunia. Vitunguu nimevitundika kwenye wavu, mbali na viazi. Parachichi na ndizi mbivu zina kikapu chao peke yao, vinginevyo zinaivisha kila kitu kilicho karibu.

Narudi kwenye gunia, maana ndilo lililonifundisha. Fundi alinigongea chaga ya mbao, kimo cha shubiri moja kutoka sakafuni, na nimeiweka mbali na ukuta kiasi ambacho mkono wangu unapita mpaka kwenye kiwiko. Hewa inapita, panya hana pa kujificha, na mimi napita na ufagio. Dumuzi si mdudu wa kwetu, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ghala la Mtanzania halijatulia. Mifuko ile yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa inamkosesha pumzi, mradi mahindi yawe makavu kabisa kabla ya kufunga na mifuko ya ndani isiwe na tundu.

Ukavu wenyewe, mama alinielekeza kwa simu namna ya kuupima. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja au mbili, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa. Kipimo hiki si cha kupuuza, kwa sababu mahindi mabichi ndiyo yanayoota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuyapika hakuiondoi. Yale mahindi yangu ya kijani yote niliyafukia. Jirani aliniomba awape kuku wake, nikamkatalia. Alinuna wiki nzima, lakini sumukuvu inaua kuku pia, na inaweza kupita mpaka kwenye yai.

Agosti iliyopita mama alikuja mwenyewe, gunia jipya likiwa na wiki mbili tu ndani. Alivua viatu mlangoni, akasalimia watoto, akaingia jikoni kabla hata ya kukaa. Kabati hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akapitisha mkono nyuma yake mpaka kiwiko, akautoa, akaugeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaniomba chupa na chumvi. Tulisimama wote tunaitazama ile chupa pale dirishani, watoto wamening'inia kwenye khanga zetu. Chumvi ikakaa chini yote. Akaniambia niinjike sufuria ya kande, na kwamba sabuni ya kupaka tako la sufuria atapaka yeye.