Figili zimejaa majani, mzizi hakuna

Swali: Nimepanda figili nyekundu za duara tuta moja na karoti, pembeni kuna sukuma wiki. Hii ni wiki ya sita. Majani yamestawi lakini yana matundu, na mzizi ni mwembamba kama mkia wa panya. Je, karoti ndiyo inayozibana? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Karoti haina kosa. Figili ya aina hiyo (si figiri ya majani) hukomaa kwa siku 25 hadi 30. Zako zing'oe: hata zikinenepa sasa zitakuwa kali, ndani kama sponji. Majani kaanga, yanalika.

Mzizi kutotunga mara nyingi ni msongamano. Miche ikitoa jani la kwanza la kweli, ipunguzie ibaki sentimita 5 kati ya mche na mche. Wengi huionea huruma. Miche miwili ikigusana shingo, yote hukosa mzizi. Pia yuria na samadi mbichi hukuza majani tu. Samadi iwe imeoza kabisa, ndoo ya lita 20 kwa tuta la mita 1 kwa 3. Na kwa joto la Moshi mjini, figili ya Januari hukimbilia maua. Subiri Juni hadi Agosti.

Matundu ni ya vijidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto ukigusa jani. Hula ukoo mzima wa kabichi, na sukuma wiki ni ndugu wa figili. Juu ya hapo inaitilia kivuli. Pembeni weka saladi au vitunguu. Ukifunika tuta kwa chandarua, funika siku ya kupanda, tena pasiwe mahali palipokuwa na kabichi au chainizi msimu uliopita. La sivyo utavifungia ndani.

Karoti endelea nayo. Chora mfereji wa kina cha sentimita 1, nyunyiza mbegu za karoti, kisha dondoshea figili moja kila sentimita 5. Figili huota siku ya 3 hadi ya 5, karoti wiki 2 hadi 3, hivyo unapalilia ukiuona mstari, na figili inakupasulia ganda la udongo. Mwagilia kidogo kidogo bila kuruka siku. Ukikausha kisha ukafurisha, mizizi hupasuka.

Siku ya kuvuna, lowesha tuta kwanza. Bana udongo kwa vidole viwili huku na huku ya shingo, zungusha figili kidogo, ndipo uvute. Ukivuta kavu, karoti changa zitafuata.