Kabla hujaiuza, fungua kabureta

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Pikipiki yake ya kwanza imelala tangu alipopata gari, sasa haiwaki, na anataka kuiuza "kama ilivyo". Akaomba nimsaidie kuandika tangazo. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, moyo ukaniuma. Kijana huyu anataka kurudia upumbavu wangu hatua kwa hatua.

Yangu ilikuwa Honda CG125 ya mtumba, tanki jekundu lililobonyea upande mmoja. Modeli hiyo ilitoka mwaka 1976, na walioibuni walijua watu kama mimi tupo, watu wa kusahau kubadilisha oili. Vali zake zinasukumwa na vijiti, hakuna cheni ndani ya injini ya kulegea, na cheni ya nje imefunikwa yote, vumbi halipati pa kuingilia. Nilikuwa na miaka 22 na nilijiona nina ndege.

Asubuhi navuta choki. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili inakohoa. Ya tatu inanguruma, na mimi naangaza macho huku na huku nione kama kuna aliyesikia. Njiani injini ikianza kukatakata, mkono wa kushoto ulishuka wenyewe chini ya tanki kugeuza bomba la mafuta kwenye risevu, yaani mafuta ya akiba, bila kusimama, bila kuangalia. Sijawahi kufanya jambo jingine kwa ustadi ule. (Mke wangu anasema hiyo ni kauli ya kusikitisha. Hajawahi kuendesha pikipiki.)

Nilianguka mara moja tu. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, niko katikati ya kona, nikabana breki ya mbele kwa pupa. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki hasa, kwa sababu ukifunga breki uzito unahamia mbele. Ila inataka kubanwa taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka, kabla ya kona. Na dakika za mwanzo za mvua zinateleza vibaya, oili na vumbi vikiwa bado juu ya lami. Kofia ngumu nilikuwa nimeivaa na mkanda nimeufunga. Wenzangu walizoea kuitundika kwenye usukani. Vaeni, jamani. Na mkanda mfunge. Kofia isiyofungwa mkanda ni pambo.

Sasa lile linaloniuma. Kazi ikanibana, nikaiacha pikipiki miezi saba, mafuta yakiwa ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Niliporudi nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Nikabadilisha plagi. Wapi! Nikaitukana, nikasema imekufa, nikamuuzia fundi mmoja mzee kwa bei ya vyuma chakavu, na bado nikajiona mjanja.

Mzee hakuisukuma kwenda nayo. Alichuchumaa palepale mbele yangu, akafungua kabureta, akatoa jeti ndogo, kipande chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, akaiinua juu kwenye mwanga, akaipuliza kwa mdomo. Ilikuwa imeziba kwa utando wa petroli iliyolala. Akafunga. Kiki mbili, ikawaka, sauti ileile. Akanishukuru kwa adabu, akaondoka akiiendesha. Nilisimama pale mpaka mlio ulipopotea, na nikashindwa hata kukimbia nimwambie nimeghairi.

Vijana, mnaacha vitu haraka mno. Mimi niliacha, najua ninachosema. Kama unailaza pikipiki yenye kabureta kwa muda mrefu, funga bomba la mafuta, uiache injini iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki tupu. Ni kazi ya dakika chache, nami sikuifanya.

Huyo msomaji nimemjibu kwamba tangazo simwandikii mpaka anitumie picha ya jeti. Jana usiku kaituma. Imeziba.