Msimu wa chavua: usingizi huandaliwa kabla ya kupanda kitandani

Wenye mzio wa msimu wengi hulalamikia chafya za mchana, lakini mimi kinachonimaliza ni usiku. Ukijilaza, damu hujaa zaidi kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, nayo huvimba. Pua iliyokuwa ikipitisha hewa kidogo ukiwa umesimama huziba kabisa. Unapumua kwa mdomo, koo linakauka, na kunapambazuka ungali unageuka geuka.

Kwa uzoefu wangu, ukisubiri hadi uwe kitandani umechelewa. Chavua, ule unga laini wa maua, hunata kwenye nywele na nguo, kisha huhamia kwenye foronya ukaivuta usiku kucha. Kwa hiyo nguo za nje haziingii chumbani kwangu, na msimu ukipamba moto naoga usiku, nywele zikiwemo. Shuka nazianika ndani. Najua harufu ya shuka la juani ina raha yake, lakini shuka lililopepea nje mchana kutwa limekusanya kile kile unachokikimbia. Paka naye alale kwingine, maana manyoya yake hubeba chavua hata kama yeye mwenyewe hakudhuru. (Hapo kwenye paka sidai kwamba nashinda kila usiku.)

Nikishaoga nasafisha pua kwa maji ya chumvi. Mwanzoni inakera, halafu unazoea. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja: yapo maji ambayo ni salama kunywa lakini yana vimelea vya hatari vikipita puani.

Kwenye dawa ndiko kuna mitego. Klorofeniramini, ile dawa ya mzio inayosinziza, inavutia kwa sababu unameza na kulala. Tatizo ni kwamba uzito wake unaweza kukufuata hadi asubuhi, na mwenye kuendesha gari ajihadhari. Mimi na daktari wangu tulikubaliana nitumie setirizini jioni, dawa ya mzio isiyosinziza sana, pamoja na steroidi ya kupulizia puani, yaani dawa ya kupunguza uvimbe. Hiyo ya kupulizia haikuokoi usiku huo huo. Huchukua siku kadhaa kufanya kazi sawasawa, hivyo ni vyema kuianza kabla msimu haujafika. Usiidhanie kuwa sawa na zile za kuzibua pua papo hapo, kama oksimetazolini. Hizo ni tamu mno, ila ukipitiliza siku 3 hadi 5 pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Vidonge vya kuzibua pua vyenye sudoefedrini navyo usivimeze jioni, vitakukesha.

Mengine ni madogo: dirisha lifungwe, mto uongezwe ili kichwa kiinuke. Lakini ukiamka unakohoa, kifua kimebana au kinatoa mluzi, hapo si suala la pua tena. Inaweza kuwa pumu, na inahitaji daktari.