Tukio muhimu si lazima liwe kubwa: ndoo ya maji iliyonifundisha ualimu

Mleta uzi, umesema msimamizi wako anataka utafiti wako kuhusu walimu wapya ujengwe juu ya matukio muhimu, yaani visa mahususi vinavyoonyesha mwalimu alifanya nini hasa kazini, nawe unahofu kwamba shuleni kwenu hakujatokea jambo kubwa. Halihitajiki jambo kubwa. Nikusimulie langu.

Nilikuwa nafundisha fizikia Kidato cha Kwanza, mada ya kazi na nishati. Nikaeleza, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa sekondari, kwamba mtu aliyesimama na ndoo ya maji kichwani hafanyi kazi, kwa kuwa ndoo haisogei. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, mama anatoka kisimani na ndoo kila asubuhi. Ile siyo kazi?" Nikamjibu: "Speak English!" Akakaa. Muhula mzima hakunyoosha mkono tena.

Jioni niliandika daftarini: mwanafunzi kavunja sheria ya lugha, darasa likacheka, nikarudisha utulivu. Nikaridhika. Wiki mbili baadaye nikamsomea mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye siku ile alikuwa amekaa nyuma kuangalia kipindi changu. Akauliza: "Walicheka kabla hujamkemea, au baada?" Baada. Kicheko nilikianzisha mimi. Akauliza tena kwa nini sikumjibu yule mtoto. Hapo ndipo paliponiuma: sikuwa na jibu. Nilikariri maana ya kitabuni tu, sikuwahi kujiuliza kazi ya nyumbani na kazi ya fizikia zinaachana wapi. Kumbe mama yule anapojitwisha ndoo kutoka chini, anafanya kazi hata kwa hesabu ya fizikia. Ningeanzia hapo.

Kwa hiyo tukio halikuzaliwa muhimu. Maswali ya mwenzangu ndiyo yaliyolifanya muhimu. Mwalimu mpya akiandika peke yake hujitetea bila kujua, kama nilivyofanya mimi.

Upande wa utafiti, msome John Flanagan, Mmarekani aliyeiandika mbinu hii ya matukio muhimu (critical incident technique) mwaka 1954. Ilitokana na kazi yake na wenzake jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walipochambua sababu za wanafunzi 1,000 wa urubani kuondolewa mafunzoni mwaka 1941, walikuta maneno ya jumla kama "uamuzi mbovu" na "hana maendeleo ya kutosha". Ni yaleyale tunayojaza kwenye ripoti za wanafunzi: mzito, hajitumi. Hayakufundishi chochote, ndiyo maana Flanagan alidai kisa chenyewe: hali ilikuwaje, mtu alifanya nini hasa, matokeo yakawa nini.

Basi usimuulize mwalimu "changamoto zako ni zipi?" Utapewa uhaba wa vitabu na msongamano wa wanafunzi, vya kweli kabisa, lakini hutamwona yeye akifanya uamuzi. Mwambie: "Nikumbushie kipindi kimoja wiki hii ulichotoka hujatulia. Nani alisema nini kwanza?" Ukubwa wa sampuli pia hupimwa kwa idadi ya matukio, si ya watu. Flanagan aliona 50 au 100 yaweza kutosha kwa shughuli nyepesi, na maelfu kwa shughuli ngumu. Kwa shahada yako kubaliana na msimamizi eneo dogo, kwa mfano namna walimu wanavyopokea maswali ya wanafunzi tu.

Tena waombe waandike siku ileile. Mimi ndani ya saa chache nilishageuza mpangilio wa kicheko, na nilikuwa naamini nasema kweli.