Utumbo kuziba kwa mtu mzima: subirini majibu ya nyama

Ndugu mleta mada, umesema mdogo wako wa miaka 38, ambaye hana ngiri wala hajawahi kupasuliwa, amekatwa kipande cha utumbo ulioziba, na kwamba familia imechoka kusubiri majibu ya nyama iliyopelekwa maabara. Nawasihi msubiri, kwa maana mimi nimepita hapo.

Kwa miezi kadhaa tumbo lilikuwa likinisokota na kuachia, nami nikameza dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo huku suruali zikizidi kunipwaya. Siku moja halikuachia. Nilitapika hadi nyongo, tumbo likajaa na kukaza, na kwa siku mbili sikupata choo wala kutoa upepo. Nilitundikiwa dripu na kupitishiwa mpira puani, ukatoa maji ya kijani hadi mfuko ukajaa. Picha ya CT ilionyesha duara ndani ya duara: utumbo mwembamba ulikuwa umejimeza, kama mkono wa shati uliovutwa kwa ndani. Daktari alinieleza kuwa kwa mtoto mchanga hali hiyo mara nyingi haina chanzo kinachoonekana, lakini kwa mtu mzima aghalabu kuna uvimbe unaouburuta utumbo, ndiyo maana sehemu hiyo hukatwa badala ya kurudishwa tu mahali pake.

Uvimbe wangu ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga. Kwa kawaida ni laini, nayo huweza kuunenepesha ukuta wa utumbo muda mrefu bila kuubana, hivyo kuziba huja mwishoni. Makovu ya upasuaji wa zamani na ngiri ndivyo visababishi vya kawaida zaidi vya utumbo kuziba. Vyote viwili vinapokosekana, kama kwa mdogo wako, chanzo lazima kitafutwe.

Jibu la kwanza halikutosha, kwa sababu limfoma ni za aina nyingi na dawa hufuata aina. Vipimo vya ziada vilionyesha kuwa yangu ni ya seli B kubwa, moja ya aina hizo, nikapewa mizunguko 6 ya dawa za saratani za kupitishwa kwenye mshipa, kila baada ya siku 21, iliyoanza mshono ulipopona. Nilionywa kwamba uvimbe uliobaki ukutani unaponyauka kwa dawa, utumbo unaweza kutoboka, basi maumivu makali ya ghafla yakitokea nirudi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Majibu yakitoka, ombeni nakala, mwangalie kama aina ya seli imetajwa.