Ofisi moja ya mawakili, pande mbili za mkataba

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya ardhi ya jamii yetu. Mwekezaji anataka kukodi sehemu ya ardhi yetu kwa miaka mingi. Ofisi kubwa ya mawakili ya ukanda huu, inayohudumia wafanyabiashara, jamii na watu binafsi, imejitolea kutusimamia ingawa mwekezaji huyo ni mteja wake wa siku nyingi. Sisi tutapewa wakili wa tawi lingine, na gharama zote atalipa mwekezaji. Mwenyekiti anaona ni nafuu. Nami nimeshamweleza wakili huyo kiwango cha chini kabisa cha kodi tutakachokubali. Je, utaratibu huu unaruhusiwa?

JIBU: Ndugu katibu, msiukubali. Sisemi ofisi hiyo ina nia mbaya. Ofisi inayohudumia ukanda mzima hukutana na mtego huu mara nyingi, kwa kuwa mawakili ni wachache na wateja wao ndio hao hao wanaouziana, kukodishana na kushtakiana.

Habari ya tawi lingine haibadilishi kitu. Katika nchi nyingi kanuni za uwakili huihesabu ofisi nzima kama wakili mmoja: mgongano wa maslahi unaomfunga mmoja huwafunga na wenzake, hata wakikaa miji tofauti. Mtaambiwa kwamba kati ya matawi kuna “ukuta”, yaani utaratibu wa kuzuia siri zisivuke. Ulizeni ulijengwa lini. Mwaka 1998 majaji wa Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliamua shauri la Prince Jefri Bolkiah, mdogo wa Sultani wa Brunei, dhidi ya kampuni ya wahasibu ya KPMG. Kampuni hiyo ilikuwa imemsaidia katika kesi yake binafsi na kuzijua siri za mali zake. Baadaye ikakubali kuufanyia uchunguzi mfuko wa uwekezaji wa Brunei aliowahi kuuongoza, ikajenga ukuta ndani ya idara ile ile. Majaji wakaukataa na kuizuia kazi hiyo. Walisema mwenye kushika siri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba haitavuja, na kwamba ukuta wa dharura kati ya watu waliozoea kufanya kazi pamoja si wa kutegemewa. Na huyo alikuwa mteja wa zamani. Ninyi mngekuwa wateja wa leo, upande wa pili wa meza ile ile, jambo ambalo ni zito zaidi.

Yapo mazingira ambayo wakili mmoja huwasimamia wawili kwa ridhaa yao ya maandishi, mathalani washirika wanaosajili biashara na wameshaelewana kila kitu. Hata hapo kwa kawaida hawafichani lolote mbele ya wakili wao, na wakigombana, aghalabu yeye hujitoa kwa wote wawili. Mkataba wa kodi si wa namna hiyo: kila shilingi mnayoongezewa ninyi inamtoka mwekezaji. Wakili wa pande zote mbili atawashauri nini mkimuuliza kama bei iliyotajwa ni ndogo?

Linalonisumbua zaidi ni hicho kiwango ulichokwisha kukitaja. Wakili anawajibika kumweleza mteja wake yale yanayomfaa, na anawajibika pia kutunza siri ya aliyekuja kumtaka ushauri, hata kama hakuajiriwa. Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani zina kifungu mahsusi kwa mteja mtarajiwa wa namna hii, na mataifa mengine yana ulinzi unaofanana. Kwa hiyo mwandikieni leo. Mweleze tarehe mliyoonana, kwamba mazungumzo yalikuwa ya siri, kwamba hamridhii yatumiwe kwa faida ya mwekezaji, na kwamba mnataka jibu la maandishi juu ya nani mwingine ofisini ameyasikia. Kisha, kabla ya kikao chochote cha bei, tafuteni mthamini wa ardhi asiye na uhusiano na mwekezaji. Huenda takwimu yake ikaifanya ile yako ya kwanza ipitwe na wakati, na binafsi ningeomba iwe hivyo.

Kuhusu gharama, mwekezaji kulipa si kosa. Anayelipa hageuki kuwa mteja, mradi ninyi mmeridhia, wakili anafuata maelekezo yenu na siri zenu hazimfikii mlipaji. Mchagueni wakili wenyewe, kutoka mbali ikibidi. Fedha zikubaliwe mapema na zilipwe hata msiposaini. Wakili anayelipwa mkataba ukisainiwa tu atatamani usainiwe.

Bado kuna mwenyekiti. Barua ya kumwajiri wakili iseme mteja ni jamii, wala si kamati au kiongozi yeyote. Itaje pia ni akina nani wanaoweza kutoa maelekezo, na ni uamuzi gani unaohitaji mkutano mkuu na muhtasari uliosainiwa. Mwenyekiti akiahidiwa ajira au zabuni na mwekezaji, wakili wenu anapaswa kuweza kuueleza mkutano bila kumwomba ruhusa. Ofisi ikikataa kuandika kifungu hicho, nendeni kwa nyingine.