Swali: Skripti yangu ya ftrace (zana ya kufuatilia fankisheni ndani ya kerneli ya Linux) mbona inakwama hivi?

"Shikamoo kaka. Niko Lindi, najifunza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo. Nina majina kama 3,000 ya fankisheni, nimeandika lupu inasoma jina moja moja na ku-echo >> kwenye set_ftrace_filter, faili la kuchagua fankisheni za kufuatilia. Naenda kununua mihogo narudi bado haijamaliza. Nipunguze wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Wewe unaona lupu moja ila ziko mbili, ya pili imo ndani ya kerneli na ndo inakumaliza. Ukiipa jina inapita rekodi zote za fankisheni zinazofuatilika, makumi ya maelfu hizo, na rekodi yenyewe imebeba anuani ya kwenye kumbukumbu tu, jina halimo, so kila moja inabidi jina lake litafutwe kwanza ndo lilinganishwe na lako. Tuseme rekodi ni 40,000, zidisha kwa majina yako 3,000, hiyo milioni 120! Na kila echo inafungua faili na kulifunga upya, hapo napo unalipia.

Ni kama kutafuta magunia yako kwenye ghala la korosho hapa Mtwara, kila gunia unamwuliza karani "hili la nani?" mpaka la mwisho, halafu unatoka nje unaingia tena kutafuta la pili. Ungekuja na namba ya gunia si ungeenda moja kwa moja.

Basi namba zipo. Kuanzia kerneli 5.1 ya 2019, set_ftrace_filter inapokea namba ya mstari wa fankisheni kwenye available_filter_functions, lile faili lenye orodha ya fankisheni zinazofuatilika, na ukitoa namba kerneli inaruka kurasa nzima za rekodi bila kugusa jina lolote. Kuwa root (msimamizi wa mfumo), ingia /sys/kernel/tracing, tupa ile lupu, weka hii (majina.txt ni faili la majina yako, moja kwa kila mstari):

grep -nxFf /root/majina.txt available_filter_functions | cut -d: -f1 > set_ftrace_filter

Faili linafunguliwa mara moja tu. Ila namba usizihifadhi za kesho, ukibadili kerneli au ukipakia moduli (kipande cha kuongezea kerneli) mistari inahama, utajikuta unafuatilia fankisheni ya jirani (yamenikuta, nilipoteza jioni nzima). Na fankisheni za moduli zina jina la moduli kwenye mabano mwishoni mwa mstari, hiyo -x inataka mstari mzima ufanane, itaziruka, kwa hiyo kwenye majina.txt andika mstari mzima kama ulivyo.